Mashine inayotetemesha mikono



Siku ya mapumziko, kamata maneti ya mchezo wa video ambayo mtoto wako anachezea mbele ya televizyo. Gari la mchezo likigonga ukuta, utasikia maneti inatetemeka mikononi mwako. Watoto wanacheka. Lakini wewe unayetoboa mwamba katika mgodi, mtetemeko huo unaufahamu. Leo tueleze unatoka wapi, na unafanya nini ndani ya mkono.

Ndani ya maneti mna nini?

Mna moteri ndogo ya umeme iliyofungwa kipande cha chuma chenye uzito upande mmoja tu. Moteri ikizunguka, chuma kinavuta huku na huku, na maneti nzima inatikisika. Ni kama gurudumu la gari lisilosawazishwa: gari likienda mbio, usukani unatetemeka. Mwaka 1997 Nintendo ya Japani ilitoa chombo cha namna hiyo kwa mashine yake Nintendo 64. Mwaka ule ule Sony ilitia moteri mbili ndani ya maneti yake DualShock, moja ya mtikisiko mkubwa na moja ya mtikisiko mdogo.

Je, mtoto anaweza kuumia?

Mwaka 2002 waganga wa Uingereza waliandika katika British Medical Journal habari za kijana wa miaka 15. Alikuwa akicheza mpaka saa 7 kwa siku, na alipenda maneti itetemeke. Mikono yake ilimuuma. Kwenye baridi iligeuka myeupe na kuvimba. Waganga walifikiri ni ugonjwa wa mtetemeko, ule wa watu wa mashine. Huyo ni kijana mmoja tu. Mama, usitupe mchezo wa watoto. Punguza masaa, na mtoto akisema vidole vinawasha au vimekufa ganzi, umpumzishe.

Na baba je?

Mashine ya kutoboa mwamba inapita maneti kwa nguvu mbali sana. Mtetemeko wake unaharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu katika vidole. Mwaka 1918 Daktari Alice Hamilton aliwapima wachonga mawe wa Bedford, Indiana, kule Marekani, waliotumia nyundo za hewa. Asubuhi ya baridi vidole vyao viligeuka vyeupe kama vya maiti.

Sheria ya Ulaya ya mwaka 2002 inapima mtetemeko kwa hesabu. Mashine yenye kipimo cha 5 isishikwe zaidi ya saa 8 kwa siku. Yenye 10, saa 2. Yenye 20, nusu saa tu. Angalia vema: mtetemeko ukizidi mara mbili, muda unapungua mara nne.

Ufanye nini?

1. Pokezaneni mashine na mwenzako. Usiishike zamu nzima peke yako.
2. Usiikaze sana mikononi. Shika kwa kadiri ya kuiongoza salama, uache mashine ifanye kazi yake.
3. Ncha ikiwa butu, omba nyingine. Ncha butu inaongeza muda wa kutoboa.
4. Linda mikono na baridi na maji. Glavu zinatia joto, lakini hazizuii mtetemeko wote.
5. Acha sigara. Tumbako inabana mishipa ya damu.

Vidole vikiwasha baada ya kazi, vikikosa kusikia usiku, au kimoja kikigeuka cheupe asubuhi, njoo dispanseri siku hiyo. Usiseme: «Ni baridi tu.»

Ninajua wengine wananyamaza kwa kuogopa kuondolewa kwenye mashine na mshahara kupungua. Ndugu yangu, ugonjwa huu ukikamatwa mapema, vidole vinaweza kupata nafuu. Ukiuficha miaka, hakuna dawa ya kurudisha yote. Mtu wa namna hiyo anashindwa kufunga kifungo cha shati lake, na anashika sahani ya moto bila kujua kwamba inamuunguza.

Maneti ya mtoto ikiharibika, tutanunua nyingine. Mkono wa baba hauuzwi dukani.