Betta Anataka Keja, Si Kabakuli

Wasee wa bedsita, tuongee hii stori ya samaki betta kwa kabakuli ka mapambo. Mimi nasema wazi: haifai, hata ka kabakuli ni kasafi na kamepangwa fiti.

Najua venye huanza. Umepata keja yako ya kwanza, umeweka taa za rangi na kapeti, sasa unataka kitu iko na uhai hapo kwa meza. Unacheki betta wa blue, mapezi ametandaza ka leso, na kando yake kuna kabakuli ka lita moja na mawe za kung'aa. Msee wa duka anakushow huyu hana stress, anaishi kwa maji kidogo, hata pampu hataki.

Hapo kuna ukweli nusu, na hiyo nusu ndio inamaliza samaki. Ni kweli betta ana kiungo karibu na matamvua kinachomwezesha kupanda juu kuvuta hewa, so maji ikikosa oksijeni yeye bado anapumua. Lakini hewa haioshi maji. Choo yake na chakula imebaki vinaleta amonia, na kwa lita moja hiyo amonia inajazana haraka sana. Inamchoma matamvua polepole, na wewe huoni kitu juu maji bado inang'aa.

Kwao Thailand, penye mwaka wa 2019 alitangazwa mnyama wa majini wa kitaifa, jamaa zake wa porini wanaishi kwa mashamba ya mpunga na vinamasi. Maji si ya kina, sawa, lakini imetambaa mbali, iko na majani kibao na joto. Hapo ndio Nairobi inamkalia ngumu. Betta anataka digrii 24 hadi 28, na usiku wa Julai huku manze unaujua. Maji kidogo inapoa mbio, na kuweka hita kwa kabakuli ni kumchemsha.

Mcheki mwenyewe. Ka anashinda amelala chini, mapezi amekunja, mkia umeanza kuliwa kwa kingo, hajatulia huyo. Anaumia.

Mtafutie tangi: anzia lita 10, ukiweza fika 20. Fundi wa vioo mtaani anaweza kukushonea tangi na silikoni, na sio lazima ikuwe ya kishua. Tia filta ya sponji yenye haisukumi maji na nguvu, hita, na kifuniko juu betta huruka. Maji ya mfereji itoe klorini kwanza. Alafu, na hapa ndio wengi huharakisha, wacha tangi ijipange wiki kadhaa kabla ya samaki, ndio bakteria wa kugeuza amonia wamee. Dume mmoja tu, wawili watararuana.

Ka uko na cuzo Mombasa, mwambie akuokotee majani kavu ya mkungu. Watu wa betta majuu wanayanunua, na huko Pwani yanafagiliwa tu. Yanafanya maji ikuwe ya kahawia kiasi, karibu na ile ya kwao.

Kabakuli weka mani planti, itakubali.

Na ka betta wako ako ndani sai na doo ya tangi haijaingia, toa robo ya maji kila siku, rudisha ingine ya joto sawa yenye haina klorini, na umlishe tembe mbili tatu pekee.