Mboni nyeupe katika picha ya mtoto si jambo la kungoja

Mama mmoja aliingia kliniki yangu na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mchangamfu, asiye na homa wala kikohozi. Alitoa simu akanionyesha picha iliyopigwa usiku. Jicho moja lilikuwa na mng'ao mwekundu kama ilivyo katika picha nyingi. La pili liling'aa jeupe kama la paka gizani. Mahali pengine alikuwa ameambiwa atie dawa ya matone na angoje mtoto akue. Miezi mitatu ilikuwa imepita.

Msomaji, weupe huo huenda ukaletwa na mtoto wa jicho, au hata na pembe ya kamera tu. Lakini kwanza daktari hutaka ahakikishe kuwa si retinoblastoma, saratani ya utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Hushika watoto, wengi kabla ya kutimiza miaka 5. Dalili nyingine ni makengeza. Mtoto hucheza kama kawaida, na hapo ndipo wazazi hudanganyika, kwa maana uvimbe huweza kufuata neva ya jicho hadi kwenye ubongo. Ukifika huko, tiba huwa ngumu mno.

Saratani hii imewafunza wataalamu mengi kuhusu kutabiri uvimbe. Mwaka 1971, Dkt Alfred Knudson wa Marekani alichunguza rekodi za wagonjwa 48, akaona kuwa wenye uvimbe katika macho yote mawili waliugua mapema zaidi. Kwa nini? Fikiria gari lenye breki ya mguu na ya mkono. Watoto wengi huzaliwa na breki zote mbili zikiwa nzima, na ni nadra zote kuharibika ndani ya seli moja. Lakini kuna anayezaliwa breki moja ikiwa imekufa tayari katika kila seli. Ikiharibika ya pili, uvimbe huanza. Breki hiyo, jeni iitwayo RB1, ilitambuliwa mwaka 1986.

Jambo hili si la maabara za ng'ambo tu. Takriban wagonjwa 4 kati ya 10 wana kasoro hiyo ya kuzaliwa nayo, na kila mtoto watakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Damu ikipimwa na kasoro ipatikane, mtoto huchunguzwa macho tangu wiki za kwanza, na uvimbe ukiwa mdogo huuawa kwa leza au kwa kugandishwa. Pasipo na kipimo cha damu, ndugu zake wadogo wachunguzwe na daktari wa macho hata kama hawana dalili.

Uvimbe ukiwa mkubwa, jicho hung'olewa. Hapa familia nyingi hutoroka, nami siwacheki, maana ni uamuzi mchungu. Lakini katika nchi tajiri zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hupona, na sababu kubwa ni kufika hospitalini mapema.

Mtoto wa yule mama aliondolewa jicho, akawekewa la bandia, na sasa yuko chekechea. Mdogo wake alizaliwa mwaka jana. Ameshachunguzwa macho mara tatu.