Kati ya fomu na hati ya bima

Wakala wa bima humkuta mwalimu shuleni saa ya chai, humjazisha fomu, hupiga picha kitambulisho chake, kisha huaga akisema, "Sasa familia iko salama, Mwalimu." Jioni mwalimu humpasha mkewe habari hiyo. Kumbe siku hiyo, mara nyingi, hana bima yoyote.

Fomu ile ni ombi tu. Kampuni huchunguza umri, kazi, uvutaji sigara na maradhi ya ukoo; anayetaka fidia kubwa huenda akaitwa kupimwa damu, mkojo na presha. Hata ikimkubali, bado kuna malipo. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya kinaikataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo au kupewa dhamana kwamba yatalipwa. Anayekatwa kwenye mshahara anaweza kungoja mpaka mwisho wa mwezi unaofuata.

Mwaka 1886, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Canning dhidi ya Farquhar. Mtu aliomba bima ya maisha, kampuni ikamkubali kwa sharti kwamba bima itaanza akishalipa. Kabla ya kulipa akaanguka kwenye genge, akaumia vibaya. Mwakilishi wake alipeleka pesa na kuieleza kampuni kuhusu ajali, ikazikataa. Majeruhi akafariki. Mahakama ikasema kampuni haikufungwa, kwani ilikuwa imemkubali mtu mzima wa afya, na hali ilikuwa imebadilika kabla ya malipo.

Ni uamuzi mchungu kwa wafiwa, lakini naona ni wa haki. Ninacholaumu ni ile kauli ya wakala, inayomwondoa mtu wasiwasi aliopaswa kuwa nao. Muulize waziwazi: "Nikifa kesho, mtalipa?" Baadhi ya kampuni hutoa kinga ya muda kwa aliyelipa pamoja na fomu, tena yenye kikomo; kama ipo, wakala akupe kwa maandishi. Ukiugua kabla bima haijaanza, iarifu kampuni, maana ukinyamaza utaipa sababu ya kuwanyima watoto wako fidia.

Na kama una bima ya zamani, usiikatishe hadi hati mpya iwe mkononi na tarehe ya kuanza iliyoandikwa humo iwe imefika.