Miaka 17 kabla ya kitabu cha kwanza: Mwandishi chipukizi ajifunze nini kwa Gurnah?

Abdulrazak Gurnah alianza kuandika akiwa na miaka 21. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987, akiwa na miaka 38. Hapo katikati kuna takriban miaka 17 ya kuandika bila kuwa na riwaya hata moja dukani.

Kwa kijana anayeandika hadithi kwenye simu, akaituma kwa mchapishaji mmoja, asijibiwe, akaacha, hesabu hiyo huenda ina faida kuliko habari ya Tuzo ya Nobel ya Fasihi ambayo mzaliwa huyo wa Zanzibar aliipata Oktoba 2021.

Alianzaje?

Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mambo yalibadilika, na akiwa na miaka 18 aliondoka kwenda Uingereza. Hakuweza kurudi nyumbani hadi mwaka 1984, akamuwahi baba yake muda mfupi kabla hajafariki.

Mwenyewe amewahi kueleza kwamba hakupanga kuwa mwandishi. Shuleni alikipenda kipindi cha kuandika, lakini ni ugenini ndipo kalamu ilipomshika kweli. Alikuwa mpweke, hana hela, na nyumbani hakurudiki. Akawa anaandika kwa ajili yake mwenyewe, ili ayaelewe yaliyomkuta. Maandishi hayo ya kujiliwaza ndiyo yaliyomfikisha kwenye riwaya.

Somo la kwanza liko hapo: usisubiri uwe na "wazo la kitabu". Anza na jambo linalokunyima usingizi. Likiwa dogo, sawa. Liandike hivyo hivyo.

Anaandika nini, na kwa nini?

Katika hotuba yake ya Nobel, Desemba 2021, Gurnah alisema aliona historia ya kwao ikisimuliwa upya kwa njia rahisi mno, mengine yakibadilishwa na mengine yakifutwa kabisa. Akaona kuna haja ya kuyaandika yale ambayo watu waliyaishi.

Mfano ni Paradise, riwaya iliyoingia kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka 1994. Inamhusu Yusuf, kijana ambaye baba yake anamtoa kwa mfanyabiashara tajiri, Aziz, kwa sababu ya deni. Kitabu hicho kilitokana na safari ya utafiti aliyoifanya Afrika Mashariki karibu na mwaka 1990. Kwa hiyo hata mtu aliyezaliwa hapa alilazimika kurudi, kuangalia na kuuliza.

Somo la pili: kumbukumbu peke yake haitoshi. Bibi yako yupo? Muulize alivyoolewa, alipanda basi gani, chumvi iliuzwaje. Mrekodi kwa simu, akikuruhusu. Huwezi kuyapata hayo kwa kusoma riwaya za watu wengine tu.

Muda aliupata wapi?

Hili ndilo swali la wengi: "Nina kazi, nitaandika saa ngapi?" Gurnah naye alikuwa na kazi. Alifundisha kwenye Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, nchini Nigeria, kisha Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, hadi alipostaafu. Shahada yake ya uzamivu aliipata mwaka 1982. Riwaya zake nyingi zilitoka akiwa bado mwalimu.

Somo la tatu: ukisubiri upate likizo ndefu, hutaandika. Ukurasa mmoja kwa siku, kwa mwaka, ni kurasa 365. Hiyo ni riwaya nzima, hata ukija kuzifuta nusu yake.

Na lugha je?

Gurnah anaandika Kiingereza ingawa lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Hata hivyo, maneno ya Kiswahili yamo kwenye vitabu vyake, na amepinga tabia ya wachapishaji kutaka maneno kama hayo yaandikwe kwa herufi za mlalo au yawekewe faharasa, kana kwamba ni vitu vya ajabu.

Somo la nne: usimwombe msomaji radhi kwa ulikotoka. Kama mhusika wako ni bodaboda wa Mbagala, aongee kama bodaboda wa Mbagala.

Uanzie wapi leo?

Maliza hadithi moja, hata fupi. Mpe mtu mmoja asiyekuogopa aisome na akwambie alipochoka. Irekebishe hapo. Ndipo uitume, na wakati unasubiri jibu, anza nyingine. Mashindano ya uandishi yapo, ila mengi yanadai kazi iliyokamilika, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Soma pia. Paradise inapatikana kwa Kiswahili kwa jina Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Gurnah mwenyewe hajaweka kalamu chini. Baada ya Nobel angeweza kupumzika, lakini mwaka 2025, akiwa na miaka 76, alitoa riwaya nyingine, Theft.