Namba Tasa 2,147,483,647: Sifa Zake za Kihisabati na Kikomo cha Saa za Kompyuta

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 isiyo na vigawo vingine isipokuwa 1 na yenyewe. Mkulima wa Mpanda mwenye magunia 12 ya mpunga anaweza kuyapanga katika safu 3 za magunia manne manne. Akiwa na magunia 13, hawezi kupata safu kadhaa zenye magunia sawa, labda aache gunia moja katika kila safu. Makala hii inafafanua sifa za namba tasa 2,147,483,647 na namna inavyowagusa wakazi wa Mkoa wa Katavi.

Namba hiyo ni sawa na 2^31 − 1. Ili namba ya umbo 2^n − 1 iwe tasa, kipeo n hakina budi kuwa tasa. Hata hivyo, sharti hilo pekee halitoshi: 11 ni tasa, ilhali 2^11 − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89.

Mwaka 1772 Leonhard Euler alithibitisha utasa wa 2^31 − 1. Kwa kuwa kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341, inatosha kutafuta vigawo visivyozidi 46,340. Aidha, kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Masharti hayo mawili yakiunganishwa, kigawo hicho hubakiza 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Namba zinazokidhi masharti hayo ni 373 tu, na hakuna hata moja inayoigawanya 2^31 − 1 bila baki. Kwa miaka mingi baadaye, hakuna namba tasa kubwa zaidi iliyokuwa imejulikana.

Katika kompyuta, namba iliyohifadhiwa kwa biti 32 hutumia biti moja kutofautisha chanya na hasi. Kwa biti 31 zinazosalia, hesabu haiwezi kuzidi 2^31 − 1. Mifumo mingi hupima muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1 Januari 1970, saa za Greenwich. Ile inayotumia biti 32 itafikia kikomo Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Mpanda. Sekunde inayofuata, hesabu itageuka kuwa hasi na tarehe itarudi Desemba 1901. Ikumbukwe kuwa kikomo hicho hutokana na idadi ya biti, si utasa wa namba.

Athari zake hazisubiri mwaka 2038. Mkopo wa miaka 15 uliotolewa Mpanda mwaka 2024 unakoma 2039, tarehe ambayo mfumo wa aina hiyo hauwezi kuihifadhi. Suluhisho ni kuhamia biti 64. Kwa hiyo, ofisi zinazotunza kumbukumbu za muda mrefu zinapaswa kukagua mifumo yake mapema.