Fahamu: Kinachoamka kwenye mapaja ya msukuma mkokoteni

Mchana, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam. Mkokoteni umejaa marobota ya vitenge, msukumaji shati limemganda mgongoni: "Pisha, pisha!"

Jeni zake ni zilezile alizozaliwa nazo. Jasho haliziandiki upya. Kinachobadilika ni ipi isomwe kwa wingi na ipi inyamaze. Iitwayo PGC-1 alfa huchangamka saa chache baada ya kazi ngumu, na mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, huanza kuongezeka. Msuli hujizoeza kuchoma mafuta zaidi.

Jaribio ninalolipenda ni la Taasisi ya Karolinska, Sweden, lililochapishwa 2014. Watu 23 walifanya mazoezi kwa mguu mmoja tu, dakika 45, mara 4 kwa wiki, miezi 3. Mwili mmoja, ugali mmoja (tuseme). Lakini alama za kikemia zinazobandikwa kwenye jeni zilibadilika kwenye mguu uliotoka jasho, si kwenye uliopumzika.

Misuli iliyofinyangwa hivyo ndiyo iliyompa mwanariadha wa Tanzania, Alphonce Simbu, dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia, Tokyo, Septemba 2025, kwa sekunde 0.03.

Na muuza duka anayeshinda kwenye stuli? Akitembea tu hadi Mnazi Mmoja, misuli yake huvuta sukari kutoka damuni.