Kwa nini mbizi za Ziwa Victoria zaweza kuwa hatari kuliko za bahari

MTU anapozama Muhuru Bay, Sori au Mbita, mara nyingi wavuvi na vijana wa kujitolea ndio huingia majini kumtafuta. Wengi huzamia kwa pumzi zao tu. Hatari ya aina nyingine huanza pale mtu asiye na mafunzo anapovishwa mtungi wa hewa na kuambiwa ashuke.

Mtungi huo, ambao watu huuita wa oksijeni, kwa kawaida huwa na hewa hii hii tunayovuta, ila imeshindiliwa. Oksijeni tupu hugeuka sumu mita chache tu chini ya maji. Baharini, katika kina cha mita 30, shinikizo huwa mara nne ya lile la juu. Mtungi ambao ungetosha saa nzima huisha kwa robo saa. Hapo pia naitrojeni huanza kulevya kama pombe, na mzamiaji husahau hata kutazama kipimo chake.

Naitrojeni hiyo huyeyuka katika damu na misuli. Mtu akipanda kwa pupa, hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yaweza kumpoozesha au kumuua. Ndiyo sababu wanafunzi hufunzwa kupanda takriban mita 9 kwa dakika, kisha kutulia dakika 3 katika kina cha mita 5.

Ziwa Victoria lina jambo la ziada. Liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mapovu hutokea kwa urahisi zaidi. Majedwali ya mbizi yaliyoundwa kwa ajili ya bahari hayafai huko bila kurekebishwa. Isitoshe, anayetoka majini Homa Bay au Migori na kupanda matatu kuelekea Kisii huzidi kupaa, hadi takriban mita 1,700, naitrojeni ikiwa bado mwilini.

Gari lililotumbukia kutoka feri ya MV Harambee, Likoni, Septemba 29, 2019, liliopolewa Oktoba 11 kutoka kina cha mita 58. Wananchi walighadhibishwa na kuchelewa huko, lakini wazamiaji wa burudani hawaruhusiwi kupita mita 40, na wanagenzi mita 18. Ziwa Victoria lenyewe hufikia takriban mita 80, tena maji yake yana tope na nyavu zilizotelekezwa. Anayeombwa kushuka humo ana haki ya kuuliza kwanza kina ni kipi, nani atashika kamba, na hewa ya akiba iko wapi.